Kutoka chuma cha shingoni hadi f/1.8: lenzi ya sura ilikotoka

Wiki hii siasa naziweka kando. Wabunge wapo, mikataba ipo, watasubiri. Leo naandika kuhusu lenzi.

Sababu ni swali ambalo naulizwa karibu kila mwezi na waandishi wenzangu, hasa wale ambao gazeti limewakabidhi kalamu na kamera kwa mkupuo mmoja ili kubana matumizi: "Kaka, nina hela ya lenzi moja tu ya kupigia sura za watu. Nichukue ipi?" Wanachotaka ni namba. Namba ninayo na nitaitoa kabla sijafunga. Tatizo ni kwamba ukiitoa namba peke yake, mtu anaishia kununua kioo kizito cha bei mbaya, halafu anasimama mita kumi kutoka kwa mtu anayempiga, kajibanza nyuma ya nguzo. Hiyo namba ina historia ya miaka zaidi ya 180, na ndani ya historia hiyo kuna ugomvi ambao haujaisha mpaka leo: sura ni ya nani, ya anayepiga au ya anayepigwa?

Tuelewane maneno kwanza, kwa wale ambao kamera yao ni ya simu. Lenzi ya sura ni lenzi ndefu kidogo kuliko ya kawaida. Kwa kamera ya filamu ya milimeta 35, au ya dijitali yenye sensa ya ukubwa huo, ya kawaida ni mm 50, na ya sura ni kati ya mm 85 na mm 105. Sharti la pili ni kitundu kikubwa cha kupitishia mwanga. Kitundu hupimwa kwa namba ya f, na namba hiyo ni ya kinyume: ikishuka, kitundu kinapanuka. Lenzi ya mm 85 yenye f/1.8 ina kitundu cha upana wa milimeta 47 hivi. Kitundu kikiwa kikubwa, mwanga unaingia mwingi, shata inaweza kufunguka na kufunga haraka, na wewe unapiga ukiwa umeshika kamera mkononi, bila stendi ya miguu mitatu. Basi. Mengine yote ni mapambo juu ya hayo.

Sasa turudi Paris, mwaka 1839.

Tarehe 19 Agosti mwaka huo François Arago alisimama mbele ya wasomi wa Ufaransa akaeleza hadharani jinsi Louis Daguerre alivyofanikiwa kunasa picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Dunia ikapagawa. Lakini kamera ya Daguerre ilikuwa na lenzi ya Charles Chevalier, ambayo kitundu chake, kwa vipimo vyetu vya leo, kilikuwa kwenye f/14 hadi f/16. Ni kitundu cha kupigia majengo. Bamba lilihitaji dakika kadhaa za jua kali ili lipate kitu. Ipo picha maarufu ya Daguerre ya mtaa wa Boulevard du Temple, ambayo kwa kawaida huwekwa mwaka 1838. Ukiitazama unaona mtaa mtupu, kana kwamba kuna amri ya kutotoka nje. Si kweli. Watu na magari ya farasi walikuwepo, ila walikuwa wanatembea, na bamba halikuwa na uwezo wa kushika kinachotembea. Anayeonekana ni mtu mmoja pembeni, aliyesimama kung'arishiwa viatu. Huyo ndiye hutajwa mara nyingi kuwa binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha, na aliingia kwa sababu moja tu: alitulia.

Hapo ndipo ilipozaliwa shida ya sura. Kila mtu alitaka picha yake, na hakuna binadamu anayeweza kutulia dakika kadhaa juani bila kupepesa jicho au kuyumba shingo. Mafundi wakatafuta dawa, na dawa ikawa chuma. Ilikuwa stendi inayowekwa nyuma ya kiti, yenye mkono wa kushika kisogo ili kichwa kisitikisike. Ukipata nafasi ya kuangalia picha za kale za studio chungulia miguuni: mara nyingi utaona kitako cha stendi hiyo kikijitokeza nyuma ya viatu vya bwana mkubwa. Sasa jaribu kucheka huku umeshikwa kisogo na chuma na jua linakupiga usoni. Sisi tunatazama zile nyuso tunasema wazee wa zamani walikuwa wakali. Ukali mwingine ulikuwa wa lenzi.

Watu walihangaika kweli. New York, mwezi Machi 1840, Alexander Wolcott alifungua studio ya picha za sura akitumia kamera isiyo na lenzi kabisa. Aliweka kioo cha mbonyeo cha kukusanyia mwanga, kama kile cha darubini. Bamba lake lilikuwa dogo sana lakini lilikuwa la haraka. Mjini Vienna, mwalimu wa chuo kikuu aliyeitwa Andreas von Ettingshausen alirudi kutoka Paris akiwa ameshaiona kazi ya Daguerre, akampelekea tatizo hilo mwenzake wa somo la hisabati, Joseph Petzval.

Petzval alizaliwa mwaka 1807 katika mji ambao leo uko Slovakia. Hakuwa fundi wa vioo. Alikuwa mtu wa hesabu, na hapo ndipo ulipo uzito wa habari yake. Kabla yake mafundi wengi walikuwa wanasaga kioo, wanajaribu, wanasaga tena. Petzval alikaa mezani akapiga hesabu ya njia ya kila mwali kabla kioo hakijasagwa. Kazi ilikuwa kubwa kupita mtu mmoja, na inasimuliwa kwamba alipewa askari wa kikosi cha mizinga wamsaidie, kwa sababu watu wa mizinga walizoea kukokotoa. Mwaka 1840 hesabu ikawa tayari, na kampuni ya Voigtländer ya hapohapo Vienna ikaitengeneza: lenzi ya mm 150 hivi yenye f/3.6.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo utamu ulipo. Kutoka f/16 hadi f/3.6 mwanga unaongezeka karibu mara 20. Kilichokuwa kikihitaji dakika kumi sasa kinahitaji nusu dakika. Na kemia ya mabamba nayo ilipoboreshwa katika miaka hiyohiyo, nusu dakika ikaendelea kushuka. Chuma cha kisogo hakikutoweka siku hiyo, kilibaki studio kwa miaka mingi, lakini kuanzia hapo biashara ya picha za sura ikawezekana kila mji.

Petzval mwenyewe hakufaidi sana. Alilipwa fedha za mara moja, kisha akaangalia Voigtländer wakitajirika. Hakuwa na hataza nje ya Austria, kwa hiyo mafundi wa nchi nyingine nao wakainakili kadiri walivyotaka. Wakagombana, na mwaka 1849 Voigtländer akaanzisha shughuli mpya Braunschweig, Ujerumani, mbali na sheria za Austria. Mwaka 1859 wezi waliingia nyumbani kwa Petzval na karatasi zake nyingi za hesabu zikapotea. Alifariki mwaka 1891. Wasomi wenzangu mnaofanya kazi za watu kwa malipo ya mara moja bila mkataba wa maana, mmesikia.

Kuna jambo jingine ambalo lenzi ya Petzval ilituachia, nalo ni ladha. Hesabu yake ilikuwa na kasi katikati na udhaifu pembeni: jicho la mtu linakuwa kali kama wembe, lakini kadiri unavyokwenda pembeni picha inalegea na kuzunguka kama maji kwenye beseni. Ilikuwa kasoro. Watu wakaizoea, wakaipenda, na mpaka leo tukisema "picha ya sura" kichwani tunaona uso mkali na nyuma ukungu. Kasoro ya mwaka 1840 imekuwa urembo wa karne ya 21.

Sasa niseme jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya kufundishia kamera. Katika enzi ile ya lenzi za polepole, picha ilikuwa mkataba. Huwezi kumwibia mtu sura yake kama inahitajika akae tuli sekunde 20. Lazima aje, akubali, avae anachotaka aonekane nacho, apange mikono. Mpaka studio zetu za Mwambao zilipoanza, kama ile ya A. C. Gomes Unguja mwishoni mwa karne ya 19, kasi ya mabamba ilikuwa imepanda sana na chuma hakikuhitajika kama zamani, lakini desturi ilibaki: mgongo wima, mikono magotini, macho mbele. Hiyo ilikuwa namna ya mtu kusema, nioneni hivi.

Usidhani hata hivyo kwamba enzi ya chuma ilikuwa enzi ya heshima kwa wote. Mwezi Machi 1850, huko Columbia, South Carolina, mpigapicha Joseph Zealy aliwapiga picha watumwa kadhaa, akiwemo mzee aliyeitwa Renty na binti yake Delia, wakiwa wamevuliwa nguo. Kazi hiyo iliagizwa kwa ajili ya Louis Agassiz, profesa wa Harvard aliyetaka kuthibitisha kwamba mtu mweusi ni kiumbe wa asili tofauti. Nao walikaa tuli. Hakuna aliyewauliza. Mwaka 2019 mwanamke mmoja Mmarekani, anayesema yeye ni kizazi cha Renty, aliishitaki Harvard akidai picha zile, na mwaka 2025 pande hizo zikapatana kwamba picha zitoke chuoni ziende kwenye makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi huko South Carolina. Miaka 175 baadaye, swali la sura ni ya nani lilikuwa bado liko mahakamani. Kwa hiyo polepole ya lenzi haikuwa ulinzi kamili. Ilikuwa ulinzi kwa yule tu aliyekuwa na uhuru wa kuinuka kitini.

Tuvuke miaka. Mabamba yalizidi kuwa mepesi kushika mwanga, kamera zikapungua ukubwa, lakini ndani ya nyumba usiku bado ilikuwa stendi au mlipuko wa unga wa magnesi unaoacha moshi na kikohozi. Mapinduzi ya pili yalitokea Dresden, Ujerumani. Kijana Ludwig Bertele, aliyezaliwa mwaka 1900, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Ernemann, na mwaka 1923 akawa amekokotoa lenzi iliyoitwa Ernostar, ya mm 100 na f/2. Mwaka 1924 ikafungwa kwenye kamera ndogo, Ermanox. Kwa bamba la sentimeta 4.5 kwa 6 lenzi hiyo ilikuwa ndefu kidogo kuliko ya kawaida, na kitundu chake kilipitisha mwanga zaidi ya mara tatu ya ule wa Petzval. Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kupiga sura chini ya taa za ukumbini, bila moshi.

Aliyeonyesha maana yake ni Erich Salomon, Mjerumani mwenye udaktari wa sheria, aliyezaliwa Berlin mwaka 1886. Mahakama zilikataza kamera. Mwaka 1928 Salomon aliingiza Ermanox mahakamani akiwa ameificha, mara kwenye mkoba, mara kwenye kofia iliyotobolewa, akatoka na picha ambazo magazeti yaligombania. Kutoka hapo akahamia kwenye mikutano ya wakubwa, akawanasa mawaziri wakisinzia kwenye viti usiku wa manane. Kitabu chake cha mwaka 1931 kilikuwa na jina linalomaanisha watu mashuhuri katika nyakati wasizojilinda. Mwaka 1932 aliipiga Mahakama Kuu ya Marekani ikiwa inaendelea na kikao.

Sisi waandishi tunamwita baba. Na ni kweli: bila yeye tungekuwa bado tunapiga viongozi wakiwa wamejipanga mstari mmoja kama darasa la saba. Mkubwa anayeamua maisha ya watu gizani anastahili kupigwa akiwa anasinzia. Lakini angalia kilichotokea kwenye mkataba. Kwa f/3.6 ilibidi uombe. Kwa f/2 unaweza usiombe. Kitundu kilekile kilichoondoa chuma kisogoni ndicho kilichoondoa haja ya kugonga hodi. Naye Salomon, aliyeikamata Ulaya bila kujilinda, alikuja kukamatwa kwa sababu ya Uyahudi wake, akafia Auschwitz mwaka 1944.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Ernemann iliunganishwa na wenzake mwaka 1926 kuunda Zeiss Ikon, na Bertele akaendelea na kazi humo. Kamera ya Contax ya filamu ya mm 35 ilipotoka mwaka 1932 kushindana na Leica, Bertele aliipa lenzi za Sonnar, mojawapo ikiwa ya mm 85 na f/2. Hapo ndipo namba 85 ilipojijengea nyumba. Werevu wa Sonnar ulikuwa katika kubandika vioo pamoja ili nyuso zinazogusana na hewa ziwe chache, kwa sababu kila uso wa kioo unarudisha mwanga na kuifubaza picha. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss akapata njia ya kupaka kioo utando mwembamba sana wa kuzuia mwanga usirudi. Ule mng'ao wa zambarau unaouona ukiinamisha lenzi yako kwenye taa, asili yake ni huko. Leica nao mwaka 1935 walitoa Thambar ya mm 90, f/2.2, iliyotengenezwa makusudi ilegeze sura kidogo, kwa wale wasiotaka kuhesabiwa makunyanzi.

Kisha ikaja zamu ya Japani. Mwezi Juni 1950 David Douglas Duncan, mpigapicha wa jarida la Life, alikuwa Tokyo. Mpigapicha kijana wa Kijapani, Jun Miki, alimpiga picha akitumia lenzi ya Nikkor ya mm 85, f/2, kisha akamwonyesha. Duncan alishangaa ukali wake. Wakati ule, kwa watu wengi wa Magharibi, kitu cha Kijapani kilikuwa na sifa ambayo baadaye sisi tuliipa bidhaa ya Kichina. Akaenda kiwandani Nippon Kogaku kujionea, akafunga lenzi zao kwenye Leica zake. Vita vya Korea vikaanza tarehe 25 Juni, picha zake zikafika New York zikiwa kali kuliko za wenzake, na mwezi Desemba gazeti la New York Times likaandika habari ya lenzi za Kijapani. Mchoro wa ile Nikkor ulifuata njia ya Sonnar ya Bertele. Mtoto akamshinda mwalimu, na mlango alioingilia ulikuwa picha moja ya sura.

Nippon Kogaku, ambao leo ndio Nikon, katikati ya miaka ya 1950 wakaongeza lenzi ya mm 105, f/2.5. Mwaka 1959 ikahamia kwenye Nikon F, kamera ambayo unatazama kupitia lenzi yenyewe, hivyo ukungu wa nyuma unauona kabla hujabonyeza. Ndiyo lenzi aliyokuwa nayo Steve McCurry mwezi Desemba 1984 katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistan, alipoingia kwenye hema lililokuwa darasa la wasichana. Alikuwa na Nikon FM2 na filamu ya Kodachrome 64, ambayo ni ya polepole. Bila kitundu kikubwa, mwanga wa ndani ya hema ungemsumbua. Alimpiga msichana wa Kiafghanistan wa miaka 12 hivi, mwenye shela jekundu na macho ya kijani. Juni 1985 picha ikawa jalada la National Geographic. Huenda hakuna sura ya mtu asiye mashuhuri iliyochapishwa kuliko ile.

Jina lake halikuandikwa, kwa sababu halikujulikana. Miaka 17 ikapita. Mwaka 2002 jarida lilimtafuta likampata: Sharbat Gula, mama wa watoto, ambaye hakuwahi kuiona ile picha. Alikumbuka siku ile. Alikumbuka kwamba alikasirika, kwa sababu mwanamume mgeni alimpiga picha na hajawahi kupigwa kabla. Yale macho ambayo dunia nzima ilisema yanabeba uchungu wa vita, kumbe ndani yake kulikuwa na hasira kwa mtu mwenye kamera. Oktoba 2016 alikamatwa Pakistan kwa kosa la kitambulisho cha kughushi, akarudishwa Afghanistan. Umaarufu wa sura yake ulifanya kukamatwa kwake kuwa habari ya dunia. Novemba 2021, baada ya Taliban kurudi madarakani, Italia ilimpokea Roma. Hapo tena sura ileile ilimsaidia. Siandiki haya kumlaani McCurry wala lenzi yake. Naandika kwa sababu kila ninapofunga lenzi ya aina hiyo nakumbuka kwamba sekunde moja ya 125 kwangu inaweza kuwa miaka 40 kwa mwenzangu.

Sasa tuje kwenye namba zenu.

Kinachofanya sura ipendeze si urefu wa lenzi, ni umbali wako. Ukimkaribia mtu sana, pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbia nyuma. Ukitaka kichwa na mabega vijaze picha iliyosimama, lenzi ya mm 50 inakulazimisha usimame kama sentimeta 90 kutoka kwake, yaani unampumulia. Ya mm 85 inakuweka mita moja na nusu. Ya mm 105, karibu mita mbili. Ya mm 200, mita tatu na nusu, na watu wengi huishia kurudi nyuma zaidi ya hapo. Mita moja na nusu hadi mbili ni umbali wa mazungumzo. Ndio umbali wa watu wawili waliokaa barazani wakinywa kahawa. Pua haiharibiki, na sauti inafika bila kupayuka. Ndiyo maana 85 na 105 hazijafa tangu Bertele.

Kitundu je? Wengi wanaota f/1.2. Chukua mfano wa Canon: lenzi yao ya EF 85 f/1.2L ya toleo la pili, ya mwaka 2006, ina uzito wa gramu 1,025. Ndugu yake ya f/1.8, ya mwaka 1992, ina gramu 425. Ile kubwa inapitisha mwanga mara mbili na robo ya ile ndogo. Wakati wa Salomon tofauti hiyo ilikuwa ya kufa na kupona. Leo sensa ya kamera inapiga vizuri kwenye ISO 3200, ambayo ni mara 50 ya Kodachrome 64 ya McCurry. Njaa ya mwanga iliyomtuma Petzval kwa askari wa mizinga imeshapozwa na sensa. Kilichobaki ni ukungu wa nyuma, na hata huo una kipimo. Kwa mm 85 na f/1.8, mita moja na nusu kutoka kwa mtu, sehemu iliyo kali ina unene wa sentimeta tatu na kitu tu. Jicho likiwa kali, sikio limeshapotea. Ukienda f/1.2 unabaki na sentimeta mbili, na mtu akipumua tu, kope ndiyo kali na mboni imelegea. Zile simu zilizoanza mwaka 2016, kama iPhone 7 Plus, kutengeneza ukungu wa nyuma kwa hesabu za kompyuta, zinamwiga Petzval bila kumtaja.

Ukipiga kwa mkono, kanuni ya zamani bado inafaa: shata isiwe polepole kuliko sekunde moja kugawa kwa urefu wa lenzi. Kwa 85, anza na 1/125. Mtu anayeongea na kurusha mikono mpe 1/250, kwa sababu lenzi yenye kutuliza mtikisiko inatuliza mikono yako, haimtulizi yeye.

Nina ushahidi wangu mdogo kuhusu umbali. Nilikwenda Temeke kwa mzee mmoja mstaafu, habari ya mafao. Nilitaka picha ya shida: singlendi, ukuta uliopasuka, macho ya chini.

"Shikamoo mzee. Naomba nikupige picha ya gazetini."

"Marahaba mwanangu. Ngoja kwanza nivae kofia."

Akaingia ndani, akakaa dakika kama kumi. Akatoka na kofia ya viua na koti, akakaa kwenye kiti, mgongo wima, mikono magotini, kama picha za Unguja za zamani. "Hii wataiona wajukuu," akasema. Tukaendelea kuongea kuhusu kazi yake, mita mbili kati yetu, huku nikibonyeza. Picha iliyotoka haikuwa ya shida. Ilikuwa ya mtu aliyefanya kazi miaka 30 na anadai chake, na habari ikawa kali zaidi kwa sababu hiyo. Kwa lenzi ya mm 200 kutoka ng'ambo ya barabara ningepata singlendi yangu, naye asingepata nafasi ya kusema "ngoja".

Kwa hiyo jibu ni hili. Kama kamera yako ina sensa kubwa, nunua mm 85 ya f/1.8, hata iliyotumika, ya kampuni yoyote inayoingia kwenye kamera yako. Kama sensa ni ndogo, ile ya kupunguza mara 1.5 au 1.6, usihangaike: mm 50 ya f/1.8, lenzi ya bei nafuu kuliko zote dukani, inakufanyia kazi ya 75 au 80. Wenye Nikkor ya zamani ya 105 f/2.5 kabatini kwa baba, itoeni mkaifute vumbi. Wakubwa wanaojificha, wapigeni kwa lenzi ndefu kadiri mnavyoweza, Salomon atawaombea. Lakini kwa mwananchi aliyekaa mlangoni kwake, usinunue lenzi inayokuweka mbali kiasi kwamba hawezi kukukatalia.

Haya, hela iliyobaki kwenye ile ya f/1.2 nunulieni nauli, mkawapelekee watu picha zao. Wiki ijayo tunarudi kwa wabunge.